Eli Seitz, kipenzi cha mabinti wa Stuttgart

Hapa Stuttgart, ukisema "Eli" mbele ya mabinti wa jimnastiki, hakuna atakayekuuliza Eli yupi. Ni Elisabeth Seitz, mzaliwa wa Heidelberg, aliyekulia kimchezo Mannheim kabla ya kuhamia huku. Binti yangu anacheza katika klabu ya mtaa wetu, na kwa sababu yake nimeupenda mchezo ambao nilipokuwa Tanga nilijua sarakasi zake za ufukweni tu.

Seitz ni bingwa wa zile fito mbili, moja juu na nyingine chini. Kuna mtindo mmoja hata umepewa jina lake rasmi: anauachia ufito wa chini, anajizungusha mzima hewani, kisha anaudaka wa juu. Wengi hawathubutu.

Medali ya Olimpiki hakuwahi kuipata. Kwenye fito hizo, London 2012 alikuwa wa sita, Rio 2016 wa nne, Tokyo wa tano. Rio iliuma zaidi, maana shaba ilichukuliwa na Mjerumani mwenzake, Sophie Scheder, kwa alama 15.566 dhidi ya 15.533 zake. Lakini hakuacha. Mwaka 2018 alipata shaba ya dunia kule Doha, na Agosti 2022, akiwa na miaka 28, akatwaa dhahabu ya Ulaya mjini Munich. Ukumbi mzima ulilipuka, na sisi sebuleni tukapiga vigelegele mpaka nikahofia majirani.

Mimi lakini nampendea jambo jingine. Aprili 2021, kwenye mashindano ya Ulaya mjini Basel, Mjerumani mwenzake Sarah Voss aliingia na vazi linalofunika miguu mpaka kwenye vifundo. Seitz na Kim Bui wakamfuata, na Tokyo timu nzima ya Ujerumani ikavaa hivyo. Kanuni zilikuwa tayari zinaruhusu, ila karibu hakuna aliyethubutu. Walitaka kila msichana achague vazi analojisikia huru nalo. Mimi ni Mwislamu, na nilikuwa nimeshaanza kuwaza kwamba binti akivunja ungo tutamtoa mchezoni. Leo anavaa suruali yake ya kubana, mwalimu hana neno, na baba yake naye ameridhika.

Septemba 2023 Seitz alikatika kano ya kisigino. Wazazi wenzangu walisema angestaafu tu na dhahabu yake ya Munich. Sikukubaliana nao hata kidogo: mwili ni wake, na njaa ya Olimpiki ni yake. Alirudi ulingoni mwaka uliofuata, akaigombea nafasi ya Paris, lakini ikaenda kwa Helen Kevric, msichana wa miaka 16 wakati huo, aliyekuwa akifanya mazoezi hapa hapa Stuttgart. Klabuni kwetu wale wadogo sasa wanamwimba Helen. Binti yangu na wakubwa wenzake bado ni wa Eli.