Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya fundi umeme, kesho Natron

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya chai nafungua boneti. Land Rover yangu ni 110 ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi, na kesho inakwenda Ziwa Natron pamoja na magari mawili ya wenzangu. Naangalia oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, kisha naweka mita kwenye betri. Imelala usiku kucha bila kuguswa, kwa hiyo hii ndiyo saa inayosema kweli: volti 12.7. Imejaa. Ningekuta 12.2 ningejua imebaki nusu, na kwamba kuna kitu kinaninyonyea umeme gizani.

Injini hii naipenda kwa sababu ambayo fundi umeme anaielewa haraka. Ikishawaka, inahitaji waya mmoja tu wenye moto, ule unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu ya dizeli, swichi ya umeme inayofungulia dizeli ipite. Alteneta ife, taa zife, dashibodi yote izimike. Waya ule ukiendelea kupata moto, gari linatembea mpaka nyumbani. Kwenye boksi la spana nina waya wa akiba wa kazi hiyo, tayari una vibanio na fyuzi, urefu wa kutoka betri hadi pampu. Kwangu kifaa hicho kina thamani kuliko taa zote za juu ya keria.

Saa 2 asubuhi

Gereji yetu iko Unga Limited. Kazi nyingi ni magari ya utalii, Land Cruiser zilizorefushwa chasisi na kuwekewa paa la kuinuka. Zinalipa mishahara. Ila wateja ninaowasubiri kwa hamu ni wale wanaomiliki magari haya kwa mapenzi tu: mwalimu aliyenunua Land Rover ya mnada wa serikali, muuza mitumba anayefufua pikapu ya marehemu baba yake, vijana waliopata wazimu huu kwenye tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha.

Leo ni zamu ya daktari wa mifugo mwenye Land Cruiser mkonga, injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Ameshika karatasi: winchi ya kujivuta akikwama, friji, betri ya pili, hema la juu, madumu manne ya dizeli kwenye keria.

"Dada fundi, nataka iwe tayari kwa lolote."

"Sawa daktari. Tupige hesabu kwanza, spana baadaye."

Lita 20 za dizeli ni kama kilo 17. Dumu lenyewe la chuma, kilo 4. Mara nne, kilo 84. Hema la aina anayoitaka lina kama kilo 60, na tairi ya spea yenye rimu ya chuma kama 35. Tayari tuko karibu kilo 180, na keria bado hatujaipima. Uzito huo wote uko juu ya kichwa chake. Kwenye lami ataona gari linayumba kidogo tu kwenye kona. Akipita ubavuni mwa korongo, gurudumu moja likapanda jiwe, kilo zile zitavuta gari upande wa chini, na hapo hakuna kifaa cha dukani kitakachomsaidia.

Nikamuuliza matangi yake yanabeba kiasi gani. Ana mawili, lita 90 kila moja. Nikamwambia hata gari likila lita 15 kwa kilomita 100, anatembea kilomita 1,200. Natron kwenda na kurudi haifiki 600. Madumu ya nini?

Akakaa kimya, akachukua kalamu, akayafuta mwenyewe. Nikafurahi kama nimelipwa. Watu wengi wanaanza na vitu vinavyoonekana kwenye picha, wakati gari zuri la porini ni lile jepesi, lililo chini, ambalo nyaya zake unazijua hata ukifumba macho.

Saa 4

Friji na betri ya pili. Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote, na sikubali kuharakishwa.

Betri yake mpya ni ya tindikali, ampea-saa 100. Betri ya aina hii ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo kwangu ina 50 za kutumia. Friji ya kompresa inavuta kama ampea 4 inapozunguka, na kwa joto letu inazunguka karibu nusu ya siku. Hiyo ni ampea-saa 48. Maana yake gari likiegeshwa kambini, friji inakaa siku moja na baada ya hapo injini lazima iwashwe au gari litembee. Namwandikia hesabu hii kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa nyuma.

Halafu waya. Wengi wanachomeka friji kwenye kiwashio cha sigara, kwa waya mwembamba unaopita chini ya zulia hadi nyuma. Friji inazima usiku, betri bado ina chaji, mtu analaumu friji. Umeme wa volti 12 unapotea njiani ukipitishwa kwenye waya mwembamba mrefu. Betri ina 12.4, friji inapata 11 na kitu, inajizima ili kulinda betri ambayo haina tatizo lolote. Dawa yake ni waya mnene, unaotoka moja kwa moja kwenye betri, wenye fyuzi palepale unapoanzia.

Fyuzi sijadiliani. Waya usio na fyuzi, umepita kwenye tundu la bati bila raba, umesuguliwa na mtikisiko wa barabara ya changarawe siku nzima, huo ni moto unaosubiri. Kila tundu naweka raba, kila sentimita chache naweka kibanio. Kijana wangu wa mafunzo anaona nachelewa. Nikamwonyesha waya tuliotoa wiki hii kwenye gari jingine, shaba ikiwa wazi kabisa. Akachukua raba nyingine bila kuambiwa.

Saa 7 mchana

Mtori na chapati kwa mama ntilie. Fundi wetu wa springi, mzee wa watu, anasema springi za nyuma za daktari zinafaa kama zilivyo sasa kwa kuwa madumu yametoka. Tumeokoa pesa za mteja.

Saa 8:30

Winchi. Ikifika mwisho wa nguvu zake inavuta zaidi ya ampea 400, mzigo mkubwa sana kwa betri ya gari. Nyaya nene kama kidole, swichi kubwa ya kukata umeme ambayo mtu anaifikia kwa mkono akiwa amesimama nje.

Saa 10 jioni

Tunatoka kwenda shamba la rafiki upande wa Kisongo, kwa ruhusa yake, kwenye udongo mweusi. Udongo huu ukinywa maji unavimba na kushika tairi pande zote. Daktari aendeshe mwenyewe.

Cha kwanza ni upepo: kutoka psi 38 hadi 22. Tairi inalala, alama yake ardhini inarefuka, mzigo unagawanyika. Cha pili, gia za chini za transfa, zile za nguvu nyingi na mwendo mdogo, kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Akakwama hata hivyo, na ndicho nilichotaka. Mguu wake ukataka kukanyaga.

"Acha mafuta, daktari. Tairi ikizunguka hapo inachimba kaburi."

Tukafunga winchi kwa puli kwenye mti, mkanda mpana usichune gome, blanketi juu ya waya wa winchi, watu wote mbali. Puli inakaribia kuongeza nguvu mara mbili na kupunguza mwendo nusu, na mwendo wa polepole ndio tunaoutaka. Gari likatoka taratibu. Nikamrudia jambo moja mpaka akalisema yeye: mkanda wa kuvutana hafungi kamwe kwenye kile kirungu cha kuvutia tela. Kikikatika kinaruka na kuua mtu.

Saa 1 usiku

Nyumbani, zamu ya gari langu. Maji lita 40 chini, nyuma ya viti. Boksi la spana chini. Juu ya keria kuna turubai na magodoro tu. Kichungi cha hewa nakitoa na kukipiga upepo, kwa sababu kuanzia Engaruka vumbi la majivu ya volkano ni laini kuliko unga wa sembe, nalo linaingia popote.

Njia yetu inavuka makorongo. Mvua ikinyesha milimani, maji yanashuka hata kama ulipo kuna jua kali, kwa hiyo tumekubaliana hakuna kuvuka kabla mtu hajatembea kwa miguu hadi ng'ambo. Na tumekubaliana hakuna gari litakalotoka nje ya njia kwenda kwenye magadi. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanategemea ziwa lile kuzaliana kuliko mahali pengine popote, na alama za tairi kwenye magadi zinakaa muda mrefu sana. Wafugaji wanapita pale na ng'ombe wao kila siku. Sisi ni wageni wao.

Saa 3 usiku

Mwenzetu mmoja anapiga simu, anauliza kama abebe jenereta. Nikamwambia aache, abebe dawa ya kuziba pancha na jeki na ubao wa kuiweka chini yake isizame. Nikawatumia wote ujumbe: tunakutana kituo cha mafuta Kisongo saa 11 alfajiri, matangi yamejaa, upepo wa lami. Lami ikiisha tunasimama wote, tunapunguza upepo, ndipo tunaendelea.

Sasa nachaji tochi.