Nilichaguliwa udaktari, nikathibitisha famasia

Mtoto wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) akifaulu kidato cha sita, ukoo mzima huwa umeshampangia kazi: atakuwa daktari. Kwetu Muheza ilikuwa hivyo hivyo. Baba alianza kuniita "dokta" hata matokeo hayajatoka, na majirani wakadakia. Niliomba udaktari katika chuo kimoja na famasia Muhimbili, nikachaguliwa kote, ikabidi nithibitishe sehemu moja tu. Nikathibitisha famasia. Wengi wakisikia hivyo hudhani ama alama hazikutosha, ama naogopa damu. Alama zilitosha, na damu siiogopi. Nilichagua mwenyewe, na naeleza nilivyochagua kwa sababu naona kila mwaka vijana wanalazimika kuipenda au kuikataa kazi kwa jina lake, wakati kazi yenyewe hawajawahi kuiona ikifanywa.

Mimi nilitumia miezi ya kusubiri matokeo kwenda kuiona. Mama mkubwa ni muuguzi wa hospitali ya wilaya, akaniombea ruhusa nikae kwenye vitengo mbalimbali, nisaidie kubeba mafaili na kuangalia. Wodini niliona kwamba anayemjua mgonjwa kuliko wote ni muuguzi, maana ndiye aliye naye usiku kucha. Maabara niliipenda hadubini, lakini majibu yakishatoka dirishani mwenye majibu humwoni tena. Kwa daktari niliona kazi kubwa na nzito: mtu anaingia na maumivu yasiyo na jina, naye atafute jina hilo huku foleni nje imefika kwenye ngazi. Niliwaheshimu wote. Ila swali lililokuwa likinifuata mpaka nyumbani lilikuwa lile linaloanza pale daktari anapomaliza kuandika cheti. Hii dawa ikishamezwa inakwenda wapi? Mbona huyu imemtibu na yule haikumtibu?

Swali hilo sikulipata hospitalini. Muheza ndiko iliko Amani, huko juu Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902 na kupanda mikwinini. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, bahari ikiwa imefungwa na manowari za Waingereza, maganda ya miti ile ndiyo yaliyotumika kutengeneza kwinini ya kuwatibu askari wao malaria. Mwalimu wetu wa kemia alitusimulia hayo siku tuliyokuwa tukisoma alkaloidi, yaani kemikali za mimea kama hiyo kwinini, nami tangu siku hiyo kemia haikuwa tena somo la kukariri. Ganda la mti wa kwetu lilikuwa na molekuli inayoua vimelea, na kulikuwa na watu ambao kazi yao ni kujua ni kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinadhuru.

Kitengo cha hospitali nilichokaa muda mrefu kuliko vyote, basi, ni dirisha la dawa. Kwa nje linaonekana ni mahali pa kupokea pakiti na kuondoka. Chukua dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania inaitumia kama tiba ya kwanza tangu 2006. Mtu mzima anapewa vidonge 24: vinne kwa kila dozi, dozi sita, siku tatu. Lakini dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha siku ya pili na ya tatu inamezwa asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12. Tena imezwe na chakula chenye mafuta, kwa sababu lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye mseto huo, bila mafuta hainyonywi vizuri mwilini. Mtu anayemeza kwa chai ya rangi kwa kuwa homa imemkatisha hamu ya kula anaweza kumaliza vidonge vyote na asipone sawasawa, kisha akatangaza mtaani kwamba mseto haufai. Nilimsikia mfamasia akimwuliza kijana mmoja, "Nyumbani leo kuna nini cha kula?" Akamwelekeza anywe hata kikombe cha maziwa au uji wa karanga. Tiba nzima, kuanzia kipimo hadi cheti, ilikuwa inategemea mazungumzo yale mafupi.

Lakini lililonimaliza kabisa nililiona kwenye famasi ya mtaani, ambako mama mkubwa alinipeleka ili nione na upande wa biashara. Aliingia mama mmoja mtu mzima kununua dawa ya kikohozi. Mfamasia akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha badala ya kushika chupa akauliza kikohozi kimeanza lini. Kina muda, mama akasema, kikavu, hakina makohozi, na usiku ndio kinazidi. Ameshamaliza chupa kadhaa.

"Kuna dawa nyingine unameza, mama?"

"Za presha tu, mwanangu."

"Naweza kuziona?"

Mama akafungua pindo la kanga akatoa enalaprili. Dawa hiyo ni nzuri kwa presha, lakini baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu kisichosikia dawa yoyote ya kikohozi. Mfamasia hakumuuzia chupa. Wala hakumwambia aache dawa za presha. Alimsisitizia aendelee nazo, akamwandikia daktari wake barua fupi kueleza anachoshuku, akamwomba mama aipeleke siku ileile. Baadaye tulisikia amebadilishiwa losartani na kikohozi kimekwisha. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua.

Kumweleza baba ndiko kulikokuwa kugumu. Sikumwendea na hadithi za mapenzi ya kemia. Baba ni mtu wa hesabu, nikamwekea hesabu: udaktari ni miaka 5 na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, famasia ni miaka 4 na mwaka mmoja kama huo, kisha usajili wa Baraza la Famasi. Nikamtajia wanakofanya kazi wafamasia: hospitali, maduka ya dawa, viwanda, Bohari ya Dawa, ukaguzi kwenye Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, daktari anaheshimika. Wewe watakuita muuza dawa."

"Wataniita hivyo baba, ni kweli. Nitawajibu kwa kazi."

Hakufurahi. Aliyemlainisha ni mama mkubwa, aliyemwambia kwa sauti ya dada mkubwa kwamba ameshawaona wagonjwa wengi wakirudi wodini na cheti sahihi mfukoni na dawa zilizomezwa kinyume. Baba akasema, "Basi thibitisha unachokitaka." Nikathibitisha usiku uleule.

Sasa niko kazini na aliyoyasema baba yapo. Kuitwa muuza dawa kupo. Ajira za serikali hugombaniwa, na kufungua famasi yako kunataka mtaji ambao mhitimu hana. Linaloniumiza zaidi ni antibayotiki: mtu anataka amoksilini vidonge vitano tu, bila cheti, kwa mafua ambayo ni ya virusi na hayahitaji amoksilini kabisa. Namkatalia kwa adabu, namweleza usugu wa vimelea unavyokuja, naye anavuka barabara kutafuta atakayemuuzia. Hapo huwa najisikia vibaya sana, lakini siuzi. Na iko kazi isiyoonekana kabisa na mgonjwa, ya stoo: kutoa kwanza dawa inayokaribia kuisha muda, kuagiza kabla rafu haijawa tupu, kulinda oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, ndani ya nyuzi joto 2 hadi 8 umeme unapokatika. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hajui nani alikagua lile jokofu asubuhi, lakini sindano ikiwa imeharibiwa na joto, kazi ya mkunga na ya daktari inakuwa bure.

Wanaoniuliza wachague nini siwaambii famasia. Nawaambia waende famasi ya karibu na hospitali ya karibu, waombe kwa heshima kukaa pembeni, wakae hadi jioni watu wanapokuwa wengi na miguu inauma, halafu wajiulize ni swali la nani walilotamani kulijibu. Ambao kidato cha sita hawakufika au hakikwenda vizuri wasikate tamaa: kwa ufaulu wa kemia na baiolojia wa kidato cha nne unaweza kuomba diploma ya famasia ya miaka 3, ukafanya kazi, na ukiwa na GPA (wastani wa alama) inayotakiwa ukaomba shahada. Ila kabla ya kulipa ada hakikisheni chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi.