Sinia juu ya bati

Bibi yangu mzaa mama alikulia Bahi, mkoani Dodoma, na ujana wake wote alipika chumvi. Sisemi kutia chumvi kwenye chungu. Alipika chumvi yenyewe. Kiangazi kikishika na mbuga ikikauka, wanawake walikwenda kukwangua udongo wa juu, ule uliotoa weupeweupe, wakaujaza kwenye chujio na kuumwagia maji. Maji yaliyodondoka chini yalikuwa makali kwa munyu. Hayo ndiyo yaliyochemshwa kutwa hadi yakauke. Udongo haukuwa kazi, bibi alikuwa akituambia, kazi ilikuwa kuni. Kuni zilibebwa kichwani kutoka mbali, na kila mwaka zilikuwa mbali zaidi. Macho yake yaliharibiwa na moshi ule. Ndivyo anavyoamini, nami namwamini.

Oktoba 2024 nikamkatia tiketi ya treni ya mwendokasi, shilingi 31,000, tuende naye Dar es Salaam akaone bahari. Treni hiyo ilikuwa imeanza kufika Dodoma Julai ya mwaka huohuo. Kwa basi safari ile ilikula siku nzima, na miguu ya bibi isingeweza. Safari hii tulifika kabla chai yake ya chupa haijapoa. Kwenye mahandaki ya Kilosa alinishika mkono bila kusema neno, tukatoka upande wa pili, akaniachia. Tukalala Tegeta kwa mdogo wangu.

Nilishapanga kila kitu. Jumamosi asubuhi tungekwenda Kunduchi, tupande boti hadi kisiwa cha Mbudya pamoja na watoto wa mdogo wangu. Mbudya ni hifadhi tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, na matumbawe yake unayaona hata ukiwa umesimama majini hadi kiunoni. Kuna mabanda ya makuti ya kujikinga na jua, na samaki wa kukaanga. Nilitaka bibi akae chini ya makuti yale, ale samaki aliyevuliwa siku hiyohiyo.

Tulipofika ufukweni saa tano, maji hayakuwepo.

Mwezi ulikuwa umepevuka siku mbili nyuma, kwa hiyo ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na bahari ilikuwa imekupwa hadi mbali kabisa. Mashua zimelala ubavu kwenye mchanga. Boti yetu ilielea kule mbele na ilibidi kuifuata kwa miguu. Bibi alisimama na fimbo yake akitazama tope lile linalong'aa, akaniuliza kwa upole, kama anayeogopa kuniaibisha, "Mjukuu wangu, ndiyo hii?"

Nilianza kumweleza mambo ya mwezi nikajichanganya. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ndiye aliyenisaidia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbukwenyi," bibi akaongezea salamu ya Kigogo.

"Bahari ipo, bibi. Imekupwa tu. Saa kumi na moja itakuwa hapahapa uliposimama."

Bibi aliangalia ndoo. Ndani mlikuwa na chaza na kipweza kimoja. Akatazama tena kule mbali, na sasa akawaona wenzake yule mama, wanawake kama kumi hivi, wameinama, kanga zimefungwa kiunoni, wanafukua na kuchokoa. Nilimwona uso ukibadilika. Hakuwa akitazama bahari tena. Alikuwa akitazama watu walioko kazini.

Akaniambia boti haitaki.

Sitaficha kwamba niliumia. Nilikuwa nimeweka akiba miezi mingi kwa ajili ya kisiwa kile. Nikawaacha watoto waende na baba yao, nikabaki na bibi. Leo nashukuru nilibaki.

Tulitembea polepole kando ya mawe yaliyopangwa kuzuia mawimbi yasile ufukwe. Bamvua la jana yake lilikuwa limeyarukia mawe yale, jua likayakausha, na kwenye vishimo vya jiwe mlikuwa na utando mweupe. Bibi akainama. Akakwangua kwa ukucha, akaweka ulimini.

"Munyu," akasema.

Yule mama alikuwa ameketi hapo karibu akipasua chaza. Bibi akamuuliza kwa nini hawaukusanyi. Akajibu kwamba huo wa mawe ni mchache, lakini kuna mashamba ya chumvi hukohuko Kunduchi, nyuma ya mikoko. Bibi akadhani amesikia vibaya. Mashamba? Ndiyo, bibi, wanachimba majaruba kama ya mpunga. Maji yakijaa wanayaingiza, wanafunga, wanayaacha. Yanakauka, chumvi inabaki chini wanaikusanya.

"Na kuni mnatoa wapi?"

"Hakuna kuni, bibi. Jua tu."

Bibi hakujibu. Alikaa kwenye jiwe, fimbo kati ya magoti, muda mrefu kiasi kwamba yule mama alinitazama mimi kuuliza kama amesema kosa. Kisha bibi akasema kwa sauti ya chini, wala si kwetu: "Jua la kwetu lote lile."

Sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nimezoea hadithi ya kuni tangu utotoni, tukiisikiliza kama tunavyosikiliza hadithi ya sungura. Pale ndipo nilipohisi uzito wa mizigo ile, mmoja mmoja.

Mchana tulikwenda kwenye magofu ya Kunduchi, kwenye makaburi ya zamani yenye nguzo ambako bakuli za Kichina zilipachikwa ukutani. Bibi hakuyajali sana. Aliijali mibuyu iliyosimama kati yake, akapigapiga gome la mmoja kwa kiganja kama unavyompiga ng'ombe wako. Tuliporudi ufukweni maji yalikuwa yameshafunika kila kitu, na watoto wakashuka botini wakinuka samaki. Bibi akaomba chupa tupu ya lita moja na nusu. Akaingia maji ya magoti, akaijaza mwenyewe.

Nyumbani Dodoma aliimimina chupa kwenye sinia kubwa, akaniambia nipande niliweke juu ya bati. Oktoba hewa yetu ni kavu kama karatasi. Siku ya pili jioni nililishusha: chumvi nyeupe imetanda chini, vijiko vitatu hivi. Akaitia kwenye mlenda, akaonja. Akasema ina uchungu kwa nyuma, ya Bahi ni tamu. Lakini hakumwaga.

Wiki iliyofuata alimpigia simu binamu yangu aliyeko Bahi. Akamwagiza kiroba cha udongo, ule wa juu, akamwelekeza hadi upande wa mbuga wa kuukwangua. Kilipofika alitoboa ndoo, akapanga nyasi chini, akaujaza udongo na kumwaga maji juu yake, mikono yake ikifanya kazi bila kumngoja kufikiri. Maji yalidondoka hadi usiku.

Asubuhi akaniita nikiwa bado kitandani, nilete ngazi.