Tumbo Ndilo Lililokuwa Likila Meno Yangu

Jino la kwanza kunimegukia halikuuma hata kidogo. Nilikuwa natafuna kitu laini, nikahisi kama nimeuma mchanga, nikautemea kiganjani. Kilikuwa kipande chembamba kinachong'aa upande mmoja kama ganda la konokono. Nilikitupa. Tulikuwa tumehama mara ya tatu katika muda usiofika miaka miwili, na nilikuwa na mengi ya kuwaza kuliko jino.

Kiungulia nilikuwa nacho tangu zamani, ila nyumbani nilikuwa na dawa zangu, cheti cha hospitali na kitanda. Tulipokimbia vyote vilibaki. Nikawa nalala chini, kichwa sawa na miguu, na kwa kuwa mgao wa chakula ulifika jioni, tulikula na kulala papo hapo. Karibu kila usiku tindikali ilipanda hadi kooni nikaamka na uchachu mdomoni. Nikishaamka, nachukua mswaki nasugua kwa nguvu hadi uchachu uishe. Niliamini kabisa kwamba najitunza.

Baadaye meno ya mbele ya juu yakawa membamba, ncha zake zinapitisha mwanga, na maji ya baridi nikiyanywa yananitia ganzi hadi machozi. Kisha gego likaanza kuuma usiku na mchana. Mtu alinigawia diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kudhuru tumbo, kwa huruma tu, nikameza bila kula, mara tatu kwa siku. Siku ya sita nikaona choo cheusi kama lami, na nilipoinuka kizunguzungu kikaniangusha. Vidonda vya tumbo vilikuwa vinatoa damu. Aliyenitibu tumbo hakuniuliza yale maumivu yalitoka wapi, na aliyeling'oa gego baadaye hakuniuliza habari za tumbo. Walikuwa na foleni ndefu na sikuwa na karatasi yoyote ya kuwaonyesha, lakini bado inaniuma, kwa sababu mimi mmoja nilikuwa nagawanywa kati ya meza mbili.

Aliyeunganisha mambo alikuwa daktari wa meno wa kambi tuliyohamia baadaye. Aliingiza kioo kidogo mdomoni, akanipa kingine nishike mwenyewe. "Mama, tazama huku nyuma ya meno ya juu. Pamelainika kama kokoto la mtoni. Mswaki hauli jino namna hii. Una kiungulia?"

Alinieleza kwamba ganda la jino huanza kuyeyuka kipimo cha pH mdomoni (namba ikishuka, uchachu umezidi) kikishuka chini ya 5.5 hivi, na tindikali ya tumboni inaweza kufika 1 au 2. Tena usiku mate hupungua sana, kwa hiyo hakuna cha kuiosha. Lililonichoma zaidi ni hili: ganda likishalainishwa na tindikali, ukisugua hapo hapo unalikwangua. Miezi yote ile nilikuwa nayamaliza meno kwa mkono wangu.

Basi usiku wangu ukabadilika. Bomba lilikuwa mbali, kwa hiyo naweka kikombe cha maji kando ya kichwa, nimekoroga kijiko kidogo cha bikaboneti ya soda (baking soda), si hamira wala baking powder. Tindikali ikipanda nasukutua, natema, nalala. Mswaki siugusi kabla ya saa nzima kupita. Wa mwisho ni kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, yaani ppm (imeandikwa kwenye boksi, kwa herufi ndogo), na nikimaliza natema povu bila kusukutua, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Kuinua kichwa ndiko kulikonitesa. Mito ilinikunja tumbo, kiungulia kikazidi. Mwishowe nilijaza nguo kwenye gunia, nikalisukuma chini ya godoro kuanzia mabegani, likawa mteremko mmoja. Ninalalia ubavu wa kushoto. Mgao ukifika nakula kidogo mapema, kingine naacha hadi asubuhi, nusu saa baada ya omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali.

Matundu mawili ya meno yaliyobaki daktari yule aliyaziba kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine. Njia hiyo ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na inafaa mno mahali kama kwetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi, pamoja na saruji ya kuzibia meno inayotumika kwa njia hiyo, kwenye orodha ya dawa muhimu. Hata hivyo vifurushi tulivyopewa vilikuwa na sabuni, bila mswaki hata mmoja. Nililisema kwenye kikao cha wakazi, na nitaendelea kulisema.

Jirani yetu kijana alikuwa na vidonda vya mdomo visivyokoma, pembe za midomo zimechanika, ulimi mwekundu na laini. Kila mtu alimwambia apake hiki au kile. Nilimshika mkono nikampeleka akaeleze pia habari ya kuharisha kwake kwa miezi, kwa sababu utumbo usiofyonza madini ya chuma na vitamini unaweza kuanza kujieleza mdomoni.

Na nina karatasi moja, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na mswaki. Upande mmoja meno, upande wa pili tumbo, na juu kwa herufi kubwa: NILITOKWA DAMU TUMBONI. USINIPE DIKLOFENAKI, IBUPROFENI WALA ASPIRINI. Tulipohama mara ya tano, ufizi ulivimba, nikaenda dirisha la dawa. Kijana wa pale alikuwa ameshashika kopo. Nikamsogezea karatasi. Aliisoma pande zote mbili, akarudisha kopo kabatini, akanihesabia parasetamoli, kisha akaniambia, "Mama, subiri kwanza, nimwite daktari wa meno auone huo uvimbe."