Jinsi nilivyochora Jeevanjee bila kuchora mtu

Miezi miwili nzima nilikuwa nikiingia bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi, saa saba mchana na kipande cha mkaa, nikichora mhubiri, mpiga picha na kamera yake shingoni, mzee aliyelala kwenye benchi na gazeti usoni. Kila mchoro ulifanana na mtu. Hakuna uliofanana na Jeevanjee.

Siku moja nikapanda ghorofani kwa rafiki yangu, upande wa Moi Avenue, nikachungulia. Chini kulikuwa na mjadala wa siasa umepamba moto. Wa mbele wamebanana bega kwa bega, wa nyuma wameachana, wengine wanapita tu. Lakini kati ya msemaji na safu ya kwanza palikuwa na duara tupu ambalo hakuna aliyelikanyaga. Hakuna aliyeliwekea kamba, na bado kila mtu aliliheshimu. Hapo nikajua nilichokuwa nikikitafuta.

Nikatandaza amerikani sakafuni, nikaipaka gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeupe ya ukutani, nikaiacha ikauke usiku kucha. Duara nililiacha jeupe hivyo hivyo. Kulizunguka nikaburuta rangi ya udongo mwekundu kwa kisu, nzito karibu na katikati, halafu nikaipunguza kuelekea ukingoni mpaka nyuzi za kitambaa zikaonekana. Kijani kilinisumbua mno. Ukikizidisha kidogo tu, picha inageuka mandhari ya miti. Niliharibu vitambaa viwili kabla ya kukifuta kabisa.

Pembeni nikasimamisha mistari ya kijivu iliyonyooka, inayosukuma ndani. Bustani hii mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906, na mwaka 1991 ilinusurika kugeuzwa maegesho ya magari kwa sababu watu walikataa, mjukuu wake Zarina Patel akiwa mstari wa mbele. Nikiwa pale sikosi kuihisi ile zege ikinyemelea.

Ilipokamilika niliipeleka palepale, nikaitandaza kwenye nyasi. Mzee mmoja wa mijadala akaniuliza juu ni wapi.

“Haina juu, mzee wangu. Zunguka tu.”

Akaizunguka polepole, mikono mgongoni. Kisha akainama, akaweka kidole pale ukingoni rangi inapochakaa.

“Mimi husimama hapa,” akasema. “Wakipoa, naenda zangu.”