Kabla ya Kusaini, Pitia Dukani Kwangu

Masika yakianza, hoteli nyingi za ufuoni hapa Malindi hufunga milango. Wageni wa Kiitaliano wamerudi kwao, mabwawa yamefunikwa, na wasichana waliokuwa wakitandika vitanda wanaambiwa wangoje mpaka Julai. Hapo ndipo mawakala wa kazi za Arabuni wanapoingia mtaani. Desemba huwaoni, maana Desemba msichana ana mshahara wake na hana haja ya kumsikiliza mtu. Wanangoja jiko lipoe.

Nina duka la saiba huku Maweni, mwaka wa kumi na moja sasa. Kompyuta nne, mashine ya fotokopi, na kitambaa cheupe ukutani cha kupigia picha za paspoti. Anayekwenda Arabuni hupita kwangu kabla hajafika uwanja wa ndege: cheti cha kuzaliwa kopi mbili, kitambulisho pande zote, ombi la cheti cha tabia njema, mkataba. Kwa miaka mingi nilizipiga kopi karatasi hizo bila kuzisoma. Shilingi kumi, shilingi kumi, mwingine aje. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Miaka mitatu iliyopita binti wa jirani yangu alikuja na mkataba wake. Simtaji jina, na yeye ameniruhusu kuandika haya. Wakala alikuwa amemwambia atakuwa keshia kwenye supamaketi, Doha. Karatasi ilikuwa ya Kiarabu kitupu. Nikaipiga kopi, nikamskania ya kutuma kwa barua pepe, nikamwombea Mungu amfungulie riziki. Alikuwa amevaa leso mpya, na mama yake alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu.

Alirudi baada ya miezi kumi na minne na mkoba wa mkononi tu.

Siku aliyorudi nilifungua kompyuta, na ile skani bado ilikuwamo. Herufi za Kiarabu nazijua, tulifundishwa chuoni, yaani madrasani, tukiwa wadogo, lakini maana siijui. Nikaichapa nikampelekea ustadhi mmoja aliyesoma lugha hiyo sawasawa. Akaweka kidole juu ya maneno mawili: amila manziliyya. Mfanyakazi wa nyumbani. Kidole kikapanda juu kidogo: Riyadh, Saudia. Duka halikutajwa, wala Doha. Yote yalikuwa yameandikwa waziwazi kwenye karatasi niliyoishika kwa mikono yangu miwili, na ustadhi anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu.

Sisemi watu wasiende Arabuni. Zipo nyumba hapa Maweni zilizoezekwa mabati kwa riali za mabinti, na wapo waliokaa na waajiri wenye kumcha Mungu wakarudi salama. Ninachokisema ni kwamba msichana aondoke akijua anakokwenda. Kule kuna mfumo wa kafala: mwajiri ndiye kafili wako, yaani mdhamini, na ukaazi wako umefungwa kwake. Saudia ilileta mageuzi Machi 2021 kuwaruhusu wafanyakazi wengi wahame mwajiri bila idhini yake, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Kwa hiyo keshia na mtumishi wa nyumba hawako katika hali moja, hata wakipanda ndege moja. Wakala anayebadilisha neno hilo anajua vizuri anachokifanya.

Na sheria yetu hapa Kenya inakijua pia. Tunayo Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Watu wengi mtaani hudhani kosa hilo ni la kutekwa na kufungwa kamba. Sivyo. Aliyekuandikisha kazi kwa uongo ili ukanyonywe amekusafirisha kiharamu, hata kama ulikubali, hata kama ulikwenda uwanja wa ndege kwa miguu yako ukicheka. Neno "si alikubali mwenyewe" nimelisikia mara nyingi mno, na mara nyingine kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao. Alikubali kuwa keshia.

Baada ya hapo tukakaa, wanawake wa chama chetu cha Jumapili cha kuweka na kukopa, mzee wa nyumba kumi, yule ustadhi, na vijana wawili wa bodaboda wanaoegesha karibu na stendi. Hatukuunda shirika. Tuliulizana tu kila mmoja anaona nini kutoka pale anapokaa. Mimi naona karatasi. Bodaboda wanaona nani anashushwa na nani anapakiwa. Ustadhi anasoma.

Sasa mkataba ukifika dukani nauuliza: ni wa kazi gani, mji gani, mshahara kiasi gani, na je, ndivyo ulivyoambiwa? Ukiwa wa Kiarabu, ustadhi anausoma bila malipo. Jina la wakala tunalitafuta palepale kwenye orodha ya waliosajiliwa, iliyo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Halafu naandika kwenye daftari moja jeusi jina la msafiri, namba ya paspoti, jina la mwajiri na mji. Daftari halitoki dukani. Na kila familia inachagua neno lake. Mmoja alichagua "nisalimie nyanya," ilhali nyanya yake alikwisha kufariki. Akilitamka kwenye simu, hata kama madam amesimama pembeni anasikiliza, mama yake atajua mambo si mazuri.

Wapo waliochukua karatasi zao wakaenda saiba nyingine. Wakala mmoja alikuja kuniambia nawafungia watoto wa maskini riziki. Nilitetemeka, sitaficha, lakini daftari lipo.

Wala si lazima bahari ivukwe. Mwaka jana bodaboda mmoja alimwona mama mmoja stendi na mtoto wa kike wa miaka kumi na mitatu hivi, kutoka bara, wanangoja basi la Mombasa. Mtoto hakujua jina la huyo "shangazi" yake. Kijana akapiga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, akawa anamzungumzisha yule mama habari za nauli mpaka afisa wa watoto akafika. Mtoto alikuwa anapelekwa kulea watoto wenzake. Alirudishwa kwao.

Lakini lililotushinda mwanzoni lilikuwa kumpokea aliyerudi. Kuzuia kunahitaji macho tu. Kupokea kulitutaka tubadilike sisi.

Binti wa jirani aliporudi watu walijaa uani kutazama ule mkoba. "Umetuletea nini?" Wengine walimtazama tumbo. Mama yake alikuwa amekopa shilingi elfu sitini kwenye chama kumlipa wakala, na awamu za marejesho zilikuwa zimefika. Tuligombana vibaya Jumapili ile. Mimi nilisema deni lisimame mwaka mzima; wenzangu wakasema hata wao wana watoto. Mwisho tukakubaliana lisimame, na wanawake wawili wakajitoa wakiwa wamekasirika. Siwalaumu, fedha ile ilikuwa jasho lao.

Tukaweka jambo moja: hakuna kumuuliza. Anayetaka kumwona aje na kilo ya sukari au kipande cha sabuni, akae, azungumze habari za mvua. Akitaka kusema, atasema.

Wiki ya pili mama yake alimleta dukani ili awe anaona watu. Nikamwekea kiti karibu na mashine. Saa sita, joto limechachamaa, nikamwona anaitazama jagi ya maji mezani. Akasimama, mikono ameishika nyuma.

"Ma'mkubwa, naruhusiwa kunywa maji?"

Jagi ilikuwa mbele yake, na gilasi imefunikwa juu yake. Nikamwambia, "Kunywa mwanangu, hapa ni kwenu." Akanywa haraka, akaiosha gilasi, akaikausha, akairudisha palepale. Baada ya saa moja akaniuliza tena. Siku ile aliniuliza mara nne. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuhudumia wateja.

Kila wiki mmoja wetu alimsindikiza kwa mshauri nasaha, nauli ikitoka kwenye kikapu cha chama. Ilichukua miezi mitano ndipo akanywa maji bila kuomba. Hakuna aliyesema kitu. Nilimwona tu anamimina huku anaendelea kuhesabu kopi za mteja, nami nikageuza uso asinione.

Baadaye alikwenda mwenyewe kwenye dawati la jinsia la polisi akaandikisha taarifa. Ile skani yangu ni sehemu ya ushahidi, na mimi ni shahidi. Kesi imeahirishwa mara mbili, na kila inapoahirishwa anakaa siku mbili bila kula vizuri. Imepangwa tena Jumatatu. Duka nitalifunga. Chama kimeshapanga nani atakaa kulia kwake na nani kushoto, na jana jioni alipita kuniomba buibui langu jeusi, lile la harusini, maana lake limeanza kupauka. Nimeshalipiga pasi.