Kutoka Mama Ngina hadi Bamburi Nikifuata Mawimbi

Nilipanga safari yangu ya Mombasa iangukie bamvua la Julai, wakati upepo wa kusi umekolea na maji yanajaa hadi mwisho wake. Matatu ilinishusha karibu na feri ya Likoni, nikapanda kwa miguu hadi Mama Ngina, nikapita ile mibuyu mikongwe na kusimama ukingoni mwa magenge.

Kwa mbali kidogo, kabla mawimbi hayajavunjika, kumbi la nazi lilikuwa linaelea. Wimbi likija, linapanda. Likipita, linashuka, na linabaki karibu palepale. Maji ya bahari kuu hayasafiri na wimbi. Yanazunguka duara na kurudi, na kinachosafiri ni nguvu iliyotoka kwenye upepo. Upepo ukivuma kwa kasi, kwa muda mrefu, juu ya bahari pana isiyo na kizuizi, wimbi hukua, na linaweza kwenda maelfu ya kilomita kabla ya kukutana na nchi kavu. Likifika penye kina kidogo, chini yake hukokota huku juu kukiendelea na mwendo, basi linainuka na kupasuka.

Maji yalipokupwa niliteremka chini. Jabali la pale ni matumbawe ya kale, yaliyoota miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Usawa wa maji yanapofika, mwamba umeliwa ukaingia ndani, na juu yake umebaki umening'inia. Nilitia vidole kwenye ufa mmoja; kingo zake ni kali, na ndani mna mchanga na konokono wadogo. Wimbi linapopiga, hewa iliyomo hubanwa ufani, kisha maji yakirudi nyuma hewa hufumka na kuupanua ufa. Mchanga nao husugua kama msasa, chokaa ya mwamba ikiyeyuka taratibu, na konokono hukwangua mwamba wakitafuta chakula.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia mvuvi aliyekuwa akikunja mshipi.

"Marahaba mwanangu. Usikae chini ya hilo. Bahari hula chini, juu ukaona pazima."

Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imekalia jabali la aina hiyohiyo. Iko kwenye mlango wa bandari ya kale, na mlangoni ule mwamba wa nje, wa matumbawe yaliyo hai baharini, umekatika, kwa hiyo mawimbi hupenya. Miaka ya karibuni umejengwa ukuta wa bahari kuukinga msingi wake. Hapo ukuta siupingi: ngome haihamishiki.

Nyali na Bamburi ni hadithi nyingine. Ukisimama ufuoni unaona mstari mweupe wa povu mbali baharini: huko kwenye mwamba ndiko mawimbi yanakoacha sehemu kubwa ya nguvu zao, na yanayofika mchangani ni mabaki. Mchanga wenyewe mwingi umetoka hukohuko. Pono, huyo samaki tunayemsifu kwa usingizi, hutafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga mweupe. Ndiyo maana joto la bahari la mwaka 1998, lililoua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, linanisikitisha hata leo. Mwamba ukifa, ufuo hupoteza ngao yake na pia kiwanda cha mchanga wake.

Badala ya kuulinda mwamba, watu wanajenga kuta. Wimbi likikutana na ufuo wa mteremko huchoka likipanda. Likikutana na ukuta wima hurudi na nguvu zake, likauchimba mchanga miguuni pa ukuta. Pale ukuta unapoishia, kiwanja cha jirani huliwa zaidi. Niliona minazi mizizi ikiwa nje, na ngazi za saruji ambazo kidato cha mwisho kiko juu ya mchanga kwa kimo cha mtoto. Kijana wa mashua aliniambia zilipojengwa ziligusa chini. Kaskazi ikivuma mchanga hurudi, alisema, lakini si wote.

Hatua chache kutoka hapo mafundi walikuwa wanapanga mawe. Nilimuuliza mmoja mbona wanajenga ukuta mwingine. Akanionyesha ule wa jirani: "Tangu huo usimame, huku kunaliwa. Mwenye kiwanja afanyeje?"